Maswali ya Wasomaji: Kwa Baiskeli Katika Msitu wa Epping

Swali: Ndugu Mhariri, ninaishi mashariki mwa London na ningependa kuuzunguka Msitu wa Epping kwa baiskeli ya kawaida. Nianzie wapi, na je, tunaruhusiwa kupita kila mahali?

Jibu: Ndugu msomaji, anzia Chingford, kwa kuwa treni ya Overground huishia huko, karibu kabisa na msitu, na nje ya saa za msongamano hupokea baiskeli zisizokunjwa. Kutoka stesheni, pitia nyumba ya kutazamia uwindaji iliyojengwa mwaka 1543 kwa amri ya Mfalme Henry VIII, kisha ziwa la Connaught Water, halafu ushike Green Ride, njia pana iliyofunguliwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Victoria ya mwaka 1882. Hapo nakusihi usiharakishe. Miti mikongwe utakayoiona ina mashina manene yenye mafundo kwa sababu wanavijiji, kwa karne nyingi, waliikata matawi juu ya kimo cha mifugo ili wapate kuni, mpaka sheria ya mwaka 1878 iliyouokoa msitu ilipoikomesha desturi hiyo.

Sehemu kubwa iko wazi kwa baiskeli, isipokuwa maeneo machache, yakiwemo maboma ya udongo ya Enzi ya Chuma ya Loughton Camp na Ambresbury Banks, ambayo magurudumu huyamomonyoa. Wakati wa baridi udongo wa mfinyanzi hugeuka tope zito, hivyo bakia kwenye njia za changarawe.