Kiwandani au masta?

SWALI: Shikamoo Shangazi Injinia. Nimemaliza uhandisi wa mitambo Mlimani. Kiwanda cha saruji hapa Tanga kimeniita, kitengo cha matengenezo, kazi ya shifti. Papo hapo nimepata nafasi ya masta chuoni, ila mfadhili sina. Baba anasema nikishazoea kushika hela sitarudi darasani. Nifanyeje? – Kijana wa Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Ingia kiwandani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kiwanda cha sukari, tulikuwa na pampu ya maji ya moto iliyokula beringi, zile gololi zinazobeba shafti, kila baada ya wiki tatu. Mimi na digrii yangu tukabadilisha beringi, tukabadilisha grisi, tukamlaumu muuzaji. Usiku mmoja fundi wetu, mzee wa darasa la saba, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi, mpini akauweka sikioni. Kisha akanipa. Nikasikia mkwaruzo, kama mchanga ndani ya sufuria. "Ikiwashwa baridi hailii hivi," akasema. Kumbe! Sisi tulikuwa tunaziweka shafti za pampu na mota kwenye mstari mmoja mtambo ukiwa umepoa. Maji ya moto yakipita, bomba linarefuka na kuisukuma pampu pembeni, mstari unapotea na beringi inaumia. Miaka minne baadaye nikaenda masta. Wenzangu walihangaika kutafuta mada ya tasnifu, mimi nilikuja nayo.

Halafu kuna usajili. Cheti peke yake hakikufanyi mhandisi mtaalamu mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wanataka uwe umefanya kazi, kwa kawaida miaka mitatu, chini ya mwenye usajili. Hata ufadhili unaoulilia uko njia hiyohiyo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanadai uzoefu wa miaka miwili. Ujerumani, DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, kwenye kozi zao za maendeleo wanadai miwili pia, na digrii isiwe imepita miaka sita. Hapo katikati ndipo pako.

Ungekuwa unataka kufundisha chuo na GPA yako ni kubwa, ningekujibu vingine. Hukusema, nikachukulia hutaki.

Baba yako hajakosea, lakini. Nimewaona: kiwanja, pikipiki, harusi, mara ana miaka arobaini na bado anasema "mwakani". Kwa hiyo mwambie Baba mwaka utakaoomba, umtajie kabisa, akusumbue. Chuo nacho kiulize kama kinaweza kukuahirishia udahili. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Usijipangie maisha kwa namba iliyoandikwa kwenye barua ya ajira.

Nunua pia kaunta buku ya kwaya mbili. Kila mashine inayoharibika iandike: saa, sauti, joto, nani aliitengeneza. Usiandike kwenye simu. Vumbi la klinka, yale mawe ya saruji kabla ya kusagwa, litaiua kabla ya Krismasi.