"Nitumie na ya kutolea"

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Simu na intaneti zimekuinulia kipato, au zimekuongezea matumizi tu?" Mimi ni wakala wa pesa za simu kijijini, bonde la Kilombero, huu mwaka wa tisa. Nina simu nne za kitochi, kila moja na laini ya mtandao wake, nimezifunga raba zisipotee. Najibu kwa ninayoyaona hapa dirishani.

Kuleta hela, simu imeweza. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika kwetu Tanzania 2008. Kabla ya hapo, kijana wa Dar es Salaam akitaka kumsaidia mama yake alimpa kondakta bahasha, akabaki kumwomba Mungu. Leo mama anapata ujumbe kabla hajamaliza kupepeta mchele. Hapo sina ubishi.

Ubishi unaanza mama akifika dirishani, maana karibu kila anayepokea anakuja kutoa yote, siku hiyohiyo. Ndiyo maana huku hakuna anayesema "nitumie elfu ishirini". Ni "nitumie elfu ishirini na ya kutolea". Yaani hela ikiwa kwenye simu bado haijawa hela mpaka uilipie nauli ya kutoka.

Na kwa nini asiiache humo? Mwenye mashine ya kukoboa anataka keshi. Vibarua wa palizi wanataka keshi. Muuza dagaa ndiyo usimguse kabisa. Mavuno yakianza, shida inahamia kwangu: madalali wanatumiwa mamilioni na matajiri wa soko la Tandale, Dar es Salaam, na wote wanataka kutoa ili wawalipe wakulima. Floti, yaani hela yangu ya kazi iliyomo kwenye simu, inajaa, droo inabaki na sarafu. Nafunga dirisha, napanda bodaboda hadi benki Ifakara kugeuza floti iwe noti, narudi na mfuko tumboni chini ya shati. Nauli yangu, roho yangu, kamisheni ileile. Masika yakichelewa kuisha, wala sifiki.

Kuhusu bei, vijana wana kundi la WhatsApp. Asubuhi wanajua kilo ya mchele Tandale inakwendaje. Zamani dalali alikuwa akitaja bei kama anasoma msahafu. Siku hizi mkulima anamcheka, dalali naye anajibu: "Basi upeleke mwenyewe." Fuso hana, barabara ni tope, ada ya mtoto inadaiwa. Anauza. Anaongezewa kidogo, sikatai, kwa sababu dalali anajua mwenzake anajua. Ila kikundi cha WhatsApp hakibebi gunia.

Tozo ya miamala, ile serikali iliyoweka kwenye kutuma na kutoa hela kwa simu, sitaiongelea sana, imeshaongelewa. Ilipoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, dirisha langu lilipoa ndani ya wiki moja na bahasha zikarudi kwa makondakta. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikapunguzwa tena, wateja wakarejea mmojammoja. Hakuna aliyenigombeza. Walipiga hesabu tu.

Kwa hiyo kipato changu kimepanda? Ndiyo, duka nimelijenga kwa kamisheni. Cha kijiji kizima, nitaamini siku hela itakapoingia kwa simu, ikalipa mashine, ikalipa kibarua, ikanunua dagaa, bila kupita dirishani kwangu hata mara moja. Siku hiyo nitakosa kazi, lakini ndilo jibu la swali mlilouliza.

Na kabla hamjanisifu: kibao cha lipa namba, cha mteja kunilipa kwa simu, ninacho, nimekibandika juu ya mizani. Mteja akija kununua sukari akatoa simu, namuuliza kwanza kama hana keshi. Mwenye jumla Ifakara anataka keshi, na nyuma ya mteja huyo foleni ya kutoa imeshafika barazani.