Shaba mwilini: bangili, korosho na vidonge vya zinki

Navaa bangili ya shaba kwa ajili ya baridi yabisi. Inasaidia?

Haikudhuru, ila usiitegemee. Majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa 2013 yalilinganisha bangili za shaba na za bandia, na hayakuona nafuu ya maana. Ule ukijani mkononi ni shaba iliyokutana na jasho tu.

Nile nini basi?

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 0.9 kwa siku, na mama anayenyonyesha 1.3. Kiganja cha korosho kinakupa zaidi ya nusu. Kuna ufuta, maharage, hata pweza, ambaye damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba. Maini ya ng'ombe ndiyo kiboko: kipande kimoja kinapita mahitaji ya wiki nzima.

Shikamoo mtaalamu. Nina upungufu wa damu, nimemeza vidonge vya chuma lakini damu haipandi. Pia natumia zinki kila siku ili kuongeza kinga. Vinahusiana?

Marahaba. Huenda vinahusiana sana. Shaba hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba na kupelekwa kwenye ini, ambalo huifunga ndani ya protini iitwayo seruloplasmini. Protini hiyo ndiyo inayosaidia chuma kitoke ghalani na kusafirishwa kutengeneza damu. Shaba ikipungua, chuma kinakaa tu.

Zinki nyingi huzifanya seli za utumbo zitengeneze protini inayonasa madini, na shaba hunaswa zaidi ya zinki yenyewe. Baada ya siku chache seli hizo hubanduka, na shaba yako inaishia chooni. Miligramu 50 kwa siku, kwa wiki kadhaa, zinatosha kuleta shida. Mweleze daktari wako kila kidonge unachomeza, na muulize kuhusu kupima shaba. Miguu ikianza kufa ganzi au ukayumba unapotembea, usingoje. Neva zikiumia si rahisi kupona zote.

Zinki anayopewa mtoto anayeharisha, siku 10 hadi 14, ni jambo jingine. Usimkatishe.

Juisi ya ukwaju kwenye jagi la shaba?

Hapana. Asidi huyeyusha shaba, utatapika.

Kaka yangu ana ugonjwa wa Wilson. Nami nipime?

Ndiyo, hata kama huumwi popote. Ni wa kurithi: ini linashindwa kutoa shaba kupitia nyongo, inajazana humo na kwenye ubongo. Uwezekano wako ni 1 kati ya 4. Ukigundulika mapema dawa zipo, na mojawapo ni zinki ileile.