Kwa wanaoanza kulea miche ya mboga Goma

Mtu aliyezoea mashamba ya Masisi au Rutshuru, ambako jembe huzama bila kubishana na ardhi, hushangaa anapojaribu kulima mboga katika kiwanja cha Goma. Lava za volkano ya Nyiragongo za mwaka 1977, 2002 na 2021 ziliganda mjini na pembezoni mwake, na katika mitaa mingi jembe hugonga jiwe kabla halijaingia kina cha kiganja. Udongo wenyewe hununuliwa kwa gunia na kufikishwa nyumbani juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kubebea mizigo, na kwa sababu hiyo mgeni wa kazi hii hutumia fedha zake zote kujaza udongo kiwanjani, kisha hupanda miche yoyote aliyoipata sokoni. Mimi ningemshauri afuate njia ya kinyume: aanze na beseni moja la miche, ajifunze kuilea, na udongo wa bustani aununue wakati miche inakua. Mche ulioandaliwa vizuri huvumilia udongo haba, lakini mche dhaifu hufa hata ukipewa udongo ulio bora kuliko wote.

Si kila mboga hupitia kitaluni. Kabichi, nyanya, biringanya, pilipili na vitunguu hustahili kulelewa kwanza, ilhali karoti haipendi kuhamishwa, kwa kuwa mzizi wake ukiguswa hugawanyika na kupinda, na maharagwe hayana haja ya taabu hiyo. Lengalenga, yaani mchicha, unaweza kuisia moja kwa moja bustanini, mradi uipunguze mapema.

Udongo wa kitalu uwe mwepesi. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo mweusi uliochekechwa, sehemu moja ya samadi iliyooza mpaka haina tena harufu ya zizi, na sehemu moja ya mchanga mweusi wa volkeno, ambao hapa kwetu haukosekani na ambao hupitisha maji vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga, na huleta pia mayai ya wadudu. Beseni lililopasuka au bidoni (dumu la plastiki) iliyokatwa ubavuni vinafaa kabisa, ila ni lazima vitobolewe chini, tena matundu mengi. Kabla ya kusia, mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka na uuache upoe kabisa. Joto hilo huua sehemu kubwa ya vimelea vya ukungu vinavyosababisha kinyausi, ugonjwa ambao nitaurudia kwa kirefu kwa sababu ndio unaowakatisha tamaa wanaoanza.

Chora mistari midogo inayoachana sentimeta 10 hivi, tia mbegu kwa kina kisichozidi sentimeta 1, zifunike kwa udongo laini, kisha tandaza majani makavu juu yake. Kabichi huchomoza baada ya siku 5 hadi 10, nyanya hukaribia muda huo huo, na pilipili huweza kuchukua wiki mbili au zaidi, kwa hiyo usifukue mbegu zake kwa kukosa subira. Siku utakapoona vichwa vya kwanza, ondoa majani hayo jioni, maana miche ikicheleweshwa gizani hurefuka, hupauka na haipati tena unene wake.

Sasa kinyausi. Miche iliyokuwa imesimama vizuri jana inakutwa asubuhi imelala, shingo yake imebanwa na kuwa nyembamba mahali inapotokea kwenye udongo, na ukiivuta inatoka bila upinzani. Mgeni akiona hivyo hudhani ni kiu, akaongeza maji, na kwa kufanya hivyo anaupa ugonjwa kile hasa unachokihitaji. Ukungu huo hustawi katika udongo uliolowana, hewa isiyotembea na miche iliyosongamana. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, usiku wake ni wa baridi kiasi, na udongo ulionyweshwa jioni hukesha na unyevu mpaka asubuhi. Mwagilia asubuhi, na umwagilie tu pale ambapo kidole ukikichomeka kinakuta udongo umeanza kukauka. Punguza miche mapema ili kila mmoja uwe na nafasi ya sentimeta 3 au zaidi, hata kama moyo unakataa kung'oa kilichoota. Ng'oa ule mwembamba, uache ule mfupi wenye shina nene. Ukiona sehemu imeanza kuanguka, iondoe pamoja na udongo wake, punguza maji na weka beseni mahali penye upepo. Katika maoni yangu, kopo la maji limeua miche mingi kuliko ukame, hasa katika nyumba ambamo kila mtu anapita na kuinywesha kwa huruma.

Kabichi na nyanya huwa tayari kuhama baada ya wiki 4 hadi 6, zikiwa na majani halisi manne au matano. Vitunguu husubiri hadi wiki 6 au 8, mpaka shina likaribie unene wa penseli. Hata hivyo, umri pekee hautoshi, na hapa ndipo wengi wanaharakisha. Mche uliokua chini ya kivuli una majani laini yanayopoteza maji kwa haraka, na ukiutoa ghafla na kuuweka katikati ya mawe meusi, ambayo hunyonya jua tangu asubuhi na kulirudisha kama joto mchana kutwa, utasinyaa kabla mizizi haijashika. Kwa hiyo ukomaze. Kwa muda wa siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, ongeza saa za jua kidogo kidogo, ukianza na jua la asubuhi tu, na upunguze maji bila kuuacha ulegee. Siku za mwisho mche ulale nje kabisa. Shina litakuwa gumu, jani litanenepa, na kwa kabichi huenda rangi ya zambarau ikaonekana kwenye vikonyo. Hiyo si dalili ya ugonjwa.

Hamisha jioni au siku yenye mawingu. Saa moja au mbili kabla, lowesha kitalu ili miche itoke na donge la udongo, na ushike jani badala ya shina, kwa kuwa jani likichanika jingine litaota. Nyanya izikwe kwa kina zaidi kuliko ilivyokuwa kitaluni, kwani shina lake hutoa mizizi mipya. Pilipili na vitunguu virudi katika kina kilekile. Penye mwamba, jenga ukingo wa mawe na ujaze udongo wa kina cha sentimeta 30, au utumie magunia, na uache nafasi ya sentimeta 45 hadi 60 kati ya kabichi na kabichi. Mvua za kuanzia Septemba husaidia sana. Anayepanda kati ya Juni na Agosti ajihesabie bidoni za maji kabla hajahesabu miche.

Katika wiki mbili za kwanza adui mkubwa ni sota, kiwavi mnene mwenye rangi ya udongo anayekata shina usiku na kujificha mchana. Funga kila mche kwa pete ya karatasi ngumu au ya ganda la mgomba, izame sentimeta 2 au 3 ardhini na kuchomoza 5 hivi juu. Ukikuta mche umekatwa, fukua pembeni yake asubuhi hiyohiyo, maana mara nyingi yupo hapohapo, amejikunja. Kuku na mbuzi wa jirani hawazuiliki kwa maneno. Weka uzio wa matete. Kivuli cha majani ya mgomba kinatosha kwa siku 3 au 4, kisha kiondoe.

Nyiragongo unapotoa moshi mwingi, gesi ya salfa iliyomo hufanya mvua kuwa na asidi, hasa upande wa Rusayo na Sake, magharibi mwa mji, ambako upepo huupeleka mara nyingi, na majani machanga hupata madoa yaliyoungua. Siku hizo funika miche kabla ya mvua, na kama imekwisha kulowa, isuuze kwa maji safi.

Mche ulioshika hutoa jani jipya katikati. Baki na miche michache kitaluni ya kuziba mapengo, lakini uzibe ndani ya wiki mbili, kwa kuwa kabichi inayochelewa zaidi ya hapo hufunikwa na wenzake na haifungi kichwa. Itakayosalia mpe jirani, au itupe kwenye mboji.