Maswali ya Wakimbiaji: Kutoka Kilomita 90 Hadi Kilomita 10

SWALI: Assalamu alaykum. Nina miaka 38 na ni mtu wa mbio ndefu. Nimemaliza Comrades ya Afrika Kusini, kilomita 90 hivi, na nyengine kadhaa za kilomita 50. Kwa wiki nakimbia kilomita 110, nyingi barabara ya Wete–Chake. Muda wangu bora wa nusu marathoni ni 1:29:00, na wa kilomita 5 ni 20:30. Sasa nataka kushindana kilomita 10 na 21. Nina nafasi, au umri na mazoea vimeshanifunga?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam. Nafasi unayo, ila si sawa kwa masafa yote mawili, na nambari zako zenyewe zinaonesha kwa nini.

Nusu marathoni umeikimbia kwa 4:13 kila kilomita, na kilomita 5 kwa 4:06. Tofauti ni sekunde 7 tu. Kwa mkimbiaji aliyekaa sawa, tofauti hiyo huwa karibu na sekunde 20. Kuna hesabu ya haraka: zidisha muda wa kilomita 5 kwa 4.6, upate makisio ya nusu marathoni. 20:30 yako inatoa 1:34, na wewe umekimbia 1:29. Ukirudi kinyume, mtu wa 1:29 angetakiwa kukimbia kilomita 5 kwa 19:20 hivi. Kwa hiyo pumzi na ustahamilivu unavyo vya kubakisha. Kilichopungua ni kasi ya juu. Ukiongeza kilomita kutoka 110 hadi 130 hutapata chochote kwenye kilomita 10.

Mfano mzuri ni Jim Walmsley wa Marekani, bingwa wa Western States ya maili 100. Januari 2019 alikimbia nusu marathoni ya Houston kwa 1:04:00, muda uleule uliotakiwa ili aingie mchujo wa marathoni ya Olimpiki wa nchi yake. Mchujo ulipofanyika Atlanta 2020, alikuwa wa 22 kwa 2:15:05. Lakini tusidanganyane: chuoni alikuwa mkimbiaji wa uwanjani, wa kuruka viunzi na maji. Kasi alikuwa nayo kabla ya mbio ndefu.

Wewe lengo lako liwe chini ya dakika 40 kwa kilomita 10, na 1:26 hadi 1:27 kwa nusu. Zawadi za mbele sahau, maana kwenye mbio zenye fedha mshindi wa kiume mara nyingi yuko kwenye dakika 30 au chini yake. Penye zawadi za makundi ya umri, na miaka 40 inakaribia, hapo una la kutafuta, khasa nusu marathoni.

Jipe wiki 12. Punguza hadi kilomita 75 au 80 kwa wiki, na mbio ndefu ya wikiendi isizidi 24. Hapa ndipo watu wenu wa mbio ndefu wanapokataa: wanabakisha 110 zote na kuweka kasi juu yake, miguu inafika Jumanne imechoka, na mazoezi ya kasi yanageuka mbio za kawaida zenye jina jengine.

Wiki 3 za mwanzo usiguse vipande virefu. Mara mbili kwa wiki, baada ya mbio nyepesi, kimbia haraka sekunde 20 mara 6 hadi 8, ukitembea dakika nzima katikati. Siku moja nyengine panda mwinuko mkali kwa sekunde 10, mara 8, ukishuka kwa kutembea. Pemba vilima havitafutwi. Ukano wa kisigino na msuli wa nyuma ya paja uliozoea hatua fupi za kilomita 50 haujui kuvutwa hivi; anayeruka hatua hii na kuvaa raba nyembamba siku ya kwanza huishia kuchechemea.

Wiki ya 4 hadi ya 8, Jumanne nenda uwanja wa Gombani: mita 800 mara 6, ukijogi dakika 2 katikati. Anza kwa 3:16 kila kipande, ushuke pole pole hadi 3:10. Kipande cha mwisho kikiwa polepole kuliko cha kwanza, ulianza kwa pupa. Ijumaa kimbia dakika 20 mfululizo kwa 4:15 kila kilomita, usipite kasi hiyo. Kuanzia wiki ya 9 badilisha Jumanne iwe mita 1,000 mara 5 kwa dakika 4:00 kamili, pumziko sekunde 90. Hiyo ndiyo kasi ya dakika 40: sekunde 96 kwa mzunguko wa mita 400. Wakati wa kaskazi toka alfajiri, na jua likikuwahi fuata pumzi, si saa.

Siku ya mashindano acha begi la maji na vijeli vya nguvu nyumbani. Kula masaa 3 kabla ya mbio, kitu chepesi kama uji na mkate. Kisha pasha misuli dakika 15 na mikimbio 4 ya haraka. Kwenye Comrades kilomita 10 za mwanzo ndizo zinazokupasha misuli. Hapa kilomita 10 ndiyo mbio nzima, na ukianza baridi utakuwa umepoteza nusu dakika kabla hujaamka.

SWALI: Nimekimbia kilomita 50, na baada ya wiki 2 kuna mbio za kilomita 10. Maumivu yamekwisha siku ya tano. Nishindane?
Bi. S., Makunduchi

JIBU: Hapana. Maumivu huondoka mapema. Nguvu ya msuli hurudi nyuma yake. Rukaruka kwa mguu mmoja mara 20, kisha mwengine. Mguu mmoja ukilegea au ukitua kwa kishindo, bado. Wiki ya kwanza tembea, ya pili kimbia polepole dakika 20 hadi 40, kasi ingoje wiki ya nne. Na siku nyengine, mkojo ukitoka rangi ya kahawia baada ya mbio ndefu, nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usimeze diklofenaki wala ibuprofeni.