Maua ya Mei hukatwa Oktoba: niliyojifunza bustanini Leeds

Miaka miwili mfululizo lailaki, kichaka cha maua ya kunukia kilicho pembeni ya uzio wangu, haikutoa hata ua moja, na aliyeinyima maua ni mimi mwenyewe.

Nimekulia Tanga, nyumba yenye bogenvilia mlangoni na asumini uani. Kwetu bogenvilia ikizidi kutambaa unachukua panga unaipunguza, mwezi wowote ule, na baada ya muda si mrefu imechipua na kujaa rangi upya. Maua yake hutoka kwenye matawi machanga, kwa hiyo kuikata ni kuiamsha. Nilifika Uingereza na mkono huo huo. Mwezi wa kumi, majani yalipoanza kupukutika, nikaona kichaka kimekaa shaghalabaghala, nikakipunguza nusu nzima, nikafagia, nikaridhika. Mei ikaja, mtaa wote unanukia, changu kina majani matupu. Mwaka wa pili nikarudia, tena kwa nguvu zaidi, nikidhani mara ya kwanza sikukata vya kutosha.

Aliyenifumbua macho ni bibi jirani, mtu wa miaka themanini na kitu. Mwezi wa nane aliniita kwake, akaniambia nitazame ncha za matawi ya lailaki yake. Kulikuwa na vifundo vya kijani, vinene, viwili viwili. Akasema hayo ndiyo maua ya mwakani. Lailaki ikimaliza kuchanua tu huanza kuandaa matumba mengine kiangazi hicho hicho, kisha huyabeba kipindi chote cha baridi mpaka Mei. Mimi kila Oktoba nilikuwa nayatupa kwenye pipa la taka za bustani.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyepata nyumba yenye bustani huku kaskazini, kichaka kinachochanua kati ya Machi na mwanzo wa Juni kwenye matawi ya mwaka jana (lailaki, forsithia, wajela) kipogoe pale maua yanaponyauka, usipitishe wiki mbili tatu. Budleia na mawaridi mengi ya kisasa hayamo humo: hayo huchanua kwenye matawi mapya, na mkasi wake ni wa mwisho wa baridi, Februari au Machi. Kama umehamia nyumba na hujui kilichopandwa, kaa mwaka mzima bila kukata kitu. Andika ukutani nini kimechanua mwezi gani. Hakuna kichaka kitakachokufa kwa kuachwa mwaka mmoja.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini mimea ya huku ina kalenda ngumu hivi. Tanga mchana una urefu wa saa 12 hivi, iwe Januari au Julai. Hapa Leeds mchana wa Desemba haufiki saa 8, na mwishoni mwa Mei unazidi saa 16. Mmea unaoishi katika mabadiliko hayo lazima ujue tarehe, na mingi huijua kwa baridi pamoja na urefu wa mwanga. Ndiyo maana mama aliponiomba nimpelekee shina la peoni, mmea wa maua makubwa wa huku, nilimkatalia, ingawa iliniuma. Peoni isipopata wiki nyingi za baridi kali ardhini haichanui, na Tanga hatuna hiyo baridi.

Na peoni yenyewe nilimkosea pia. Nilimfukia kama ninavyofukia gimbi, chini kabisa, nikapata majani mazuri miaka mitatu bila ua. Mizizi yake ina macho mekundu, ndiko chipukizi zinakotokea, na macho hayo hayatakiwi kuwa chini ya udongo zaidi ya sentimita 5. Vuli moja nikamchimbua kwa uangalifu, nikampandisha juu. Mwaka uliofuata akanuna, wa pili akatoa maua manne, kila moja kubwa kuliko ngumi zangu mbili. Ua kama hilo likinyeshewa hulala chini, hivyo mwekee kizuizi cha waya mwezi wa nne, angali mfupi. Matumba yakianza kunenepa utaona sisimizi wameyazunguka. Nilikuwa nawapulizia maji ya sabuni. Waache. Wanafuata utomvu mtamu unaotoka kwenye tumba, hawali ua. Ukitaka maua ya ndani, kata tumba likiwa limeonyesha rangi na linabonyea kidogo kwa kidole, likung'ute sisimizi watoke, lichanulie kwenye chombo mezani.

Tulipu nazisema kwa kifupi: ondoa ua lililonyauka, majani yaache mpaka yawe njano yenyewe, hata kama yanaudhi macho. Hayo ndiyo yanayolisha kitunguu kilicho ardhini.

Kosa lililonitoa machozi ni la asumini. Nilipata mche, nikaulea ndani ya chungu dirishani majira mawili ya baridi. Aprili moja kukawa na siku nne za jua, watu wametoka na fulana, nikautoa nje ukapate hewa. Usiku wa tano jalidi ikaanguka. Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Siku hizi joto la mchana silitazami kabisa, natazama utabiri wa usiku, na asumini hautoki mpaka usiku uache kushuka chini ya nyuzi 10. Kwangu hapa hiyo ni Juni.

Mche wa pili ninao mpaka leo. Jioni nachuma matumba yakiwa bado yamefumba, kama tulivyofundishwa, nayaweka kwenye kisahani kando ya kitanda. Hayatoshi kufunga kikuba, huwa sita au saba tu. Mama akipiga simu usiku swali lake la kwanza, kabla hata ya kuniuliza wajukuu, ni, "Yameshafunguka, mwanangu?"