Shoga yangu anasahau, nikitembea matembezi ya hisani namsaidia kweli?

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni Mtanzania naishi Minnesota, nina shoga yangu tumeanza maisha ya huku pamoja, tukasoma kozi ya CNA, ile ya wasaidizi wa manesi, pamoja na tukafanya kazi nyumba moja ya wazee miaka mingi tu. Sasa yeye mwenyewe daktari kamwambia ana dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ile ya Alzheimer's, na hata miaka 65 hajafika. Inaniuma anti, mtu ambaye alikuwa anawalisha na kuwaogesha wenye ugonjwa huu huu. Kazini wametangaza matembezi ya Walk to End Alzheimer's nikafikiria niunde timu kwa jina lake, nichangishe watu wa kanisani na kwenye grupu letu la WhatsApp. Mume wake nikimgusia yuko kimya tu, hasemi ndio hasemi hapana. Halafu kuna mama kanisani kasema hayo matembezi ni mambo ya wazungu, eti shoga yangu kuna mtu kamchezea na anachohitaji ni maombi. Nifanyeje? Na siku yenyewe niende naye au nimwache nyumbani?

JIBU: Mdogo wangu pole sana, na mfikishie pole zangu.

Nianze na huyo mume maana hapo ndipo penye kazi. Kimya chake usikichukue kama ruhusa. Ukiweka picha ya mke wake kwenye grupu lenye watu mia mbili na maneno "tumsaidie dada yetu anapoteza kumbukumbu", kufika jioni habari iko Dar, iko kijijini kwao, na mama yake mzazi kaisikia kwa jirani. Na kabla ya mume, kamuulize shoga yako mwenyewe. Watu wana tabia mbaya sana, mtu akishaambiwa ana dimenshia basi wanaanza kumuongelea kama hayupo wakati yupo amekaa hapo hapo anasikia. Kama bado anaelewa unachomwambia, kaa naye asubuhi akiwa ametulia, mwambie kwa maneno machache kuna matembezi, nataka nitembee kwa ajili yako, niandike jina lako au nisiandike? Akisema hapana, timu iite jina lolote, utatembea vile vile.

Huyo mama wa kanisani usigombane naye, maombi hayamdhuru mtu. Ila mwambie kwamba yule daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1906 mgonjwa wake alikuwa mwanamke aliyeanza kuumwa akiwa na miaka 50 hivi, kwa hiyo kuupata kabla ya uzee sio jambo geni wala sio la kulogwa, ni ubongo unaumwa. Na hilo la mambo ya wazungu ndio limekaa vibaya kabisa, maana hapo hapo Marekani wazee weusi wanaupata karibu mara mbili ya wazee wazungu. Tukikaa pembeni tukisema sio yetu tunajidanganya wenyewe.

Sasa hela, na hapa nisikilize vizuri. Kujiandikisha ni bure, na ukichangisha hela zinaenda kwa Alzheimer's Association, shirika linaloandaa matembezi hayo, kwenye utafiti, vikundi vya walezi, na ile simu yao ya bure inayopokelewa saa 24. Haziendi kwa shoga yako. Sisi tumezoea michango ya msiba, ya kusafirisha mwili, ya harusi, hela inafika mkononi kwa mwenye shida, sasa watu watakutumia dola hamsini hamsini kwa simu, kwenye Cash App, wakijua wanamlipia mtu wa kukaa naye, wakija kugundua zimeenda kwenye utafiti utaitwa mwizi na urafiki utaisha. Kwa hiyo hela za matembezi zipite kwenye ukurasa wa timu moja kwa moja zisiguse simu yako, na kama familia ina shida za nyumbani huo uwe mchango mwingine kabisa, siku nyingine, na mume ndiye apokee. Hiyo simu ya bure mpe mume namba yake pia, wana wakalimani wa lugha zaidi ya 200, aombe wa Kiswahili aulize anachotaka hata saa nane usiku.

Kwenda naye au kumwacha? Inategemea yukoje na kelele. Yale matembezi yana spika, muziki, umati, mbwa, watoto, kuna wenye dimenshia wanafurahi wanacheza na kuna wanaotaka kukimbia. Uzuri ni kwamba mara nyingi yanafanyika asubuhi, wengi wao jioni ndio wanavurugika zaidi. Njia sio ndefu, maili mbili tatu hivi, na mara nyingi kuna njia ya mkato, hakuna anayekushikia saa. Mkienda, awe na mtu mmoja kazi yake ni kumshika mkono tu, hapigi picha, haangalii simu, maana kwenye umati mtu anapotea dakika moja. Muwekee karatasi yenye namba yako mfukoni. Jueni choo kiko wapi kabla hajakihitaji. Akisema anataka kurudi, rudini, hata kama hamjafika popote.

Kabla ya kutembea wanagawa maua ya plastiki kila mtu anachagua rangi yake: bluu ni ya mwenye ugonjwa, ya zambarau aliyefiwa, njano anayemlea au kumsapoti mgonjwa, na chungwa ni wanaounga mkono tu. Lako ni njano. Lake asishikishwe la bluu na mtu mwingine, achague mwenyewe, na akitaka la chungwa mwacheni.

Halafu kuna kitu hujauliza lakini nitakisema. Wenye ugonjwa huu waliojifunza lugha ya pili ukubwani mara nyingi wanairudia ile ya utotoni, Kiingereza kinaanza kukatika. Wewe unaweza kukaa naye ukamwongelesha Kiswahili, mkaimba zile za kwaya, akakwambia stori ile ile mara ya tano na wewe ukaipokea kama mpya, usimwambie "si umeshaniambia". Hiyo hakuna nesi wa Minnesota atakayempa. Tembea hiyo siku, lakini panga na wenzako siku za kumtembelea kila wiki, na mumewe wakati huo aende kunyoa, aende dukani, alale.

SWALI: Anti mimi napiga shifti wikiendi zote siwezi kutembea, natoaje mchango wangu?

JIBU: Mpe mmoja wa wanaotembea nafasi ya kwenda. Omba ruhusa ya masaa matatu tu ukakae na mgonjwa ambaye hakwenda, ili mlezi wake naye aende. Uji umpikie mwepesi, na TV izime.